Sadaka Inayochagua

Kijana aliyemaliza sekondari na kuomba kusomeshwa na taasisi ya hisani hukutana na swali ambalo mtihani wa taifa haukumwandalia. Ameshajaza alama zake, kipato cha wazazi, barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya chifu. Halafu fomu inamwuliza: ni lini umeonyesha uongozi? Aliyekuwa kiranja mkuu au mwenyekiti wa klabu ya mdahalo anaandika mpaka karatasi inamwishia. Msichana ambaye mama yake alipougua ndiye aliyekuwa akiwaamsha wadogo zake, akiwapikia uji, akikaanga maandazi ya kuuza na kuwahi kipindi cha kwanza, mara nyingi huiacha nafasi hiyo wazi. Haimpitikii kwamba alichokuwa akifanya nyumbani ndicho anachoulizwa.

Nafasi hiyo iliyoachwa wazi inabeba swali zito kuliko linavyoonekana. Fedha za hisani ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo mfadhili anasema atamsomesha yule mwenye dalili za kuwa kiongozi, ili neema ya mmoja iwafikie maelfu. Hoja ina nguvu, na wanaoitoa ni watu wema. Hata hivyo, inaigeuza sadaka. Tangu zamani mtoaji amefundishwa kumtazama mhitaji jinsi alivyo leo. Huyu anamtazama jinsi atakavyokuwa miaka 20 ijayo. Yuko binadamu mwenye jicho hilo? Na kama hayuko, anapompa huyu na kumrudisha yule, anafanya hivyo kwa haki gani?

Aliyelipa wazo hili umbo ambalo taasisi nyingi zinaliiga hadi leo ni Cecil Rhodes, tajiri wa almasi za Kimberley, aliyefariki Machi 1902. Wosia wake uliagiza kwamba vijana watakaosomeshwa Oxford kwa fedha zake wasichaguliwe kwa elimu ya vitabuni peke yake. Watazamwe pia kwa kupenda michezo, kwa ukweli, ushujaa na huruma kwa wanyonge, na kwa silika ya kuwaongoza wenzao. Sifa nzuri zote. Mtu huyohuyo alikuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape mwaka 1894, ilipopitishwa Sheria ya Glen Grey, iliyowabana Waafrika katika vipande vidogo vya ardhi na kuwatoza kodi iliyowasukuma kwenda kutafuta vibarua kwa Wazungu. Huruma kwa wanyonge ilikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo iliingia katika uchaguzi wenyewe.

Mwaka 1907 alichaguliwa Alain Locke, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata ufadhili huo. Vyuo kadhaa vya Oxford vilimkataa kabla ya kimoja kumpokea. Baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mkubwa na mlezi wa vuguvugu la sanaa la Harlem, yaani dalili zilitimia vizuri sana. Lakini baada yake ilipita zaidi ya nusu karne kabla Mmarekani Mweusi mwingine hajachaguliwa. Wanawake nao walifungiwa mlango mpaka mwaka 1977. Kwa zaidi ya miaka 70, wasaili waliotumwa kutafuta viongozi katika nchi nyingi walirudi bila mwanamke hata mmoja. Wanawake wenye uwezo walikuwapo siku zote hizo, hawakutazamwa.

Inafaa kuliweka hilo mbele ya kila kamati inayojiamini. Anayetafuta kiongozi hutafuta kwa mfano wa viongozi aliokwisha kuwaona, na mfano huo una jinsia, una rangi, una lafudhi, una shule ilikotoka. Mcheza kwao hutunzwa, na chumba cha usaili mara nyingi ni kwao mtu mmoja na ugenini kwa mwingine.

Afrika Mashariki ina kisa chake, na kina mafunzo kuliko cha Rhodes kwa sababu nia zilizokutana humo zilikuwa nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nafasi za elimu ya juu zilikuwa za kuhesabika. Makerere ilikuwa ikipokea wanafunzi kutoka eneo zima, na chuo cha Nairobi ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa. Uhuru ulikuwa unakaribia, na wasomi wa kushika ofisi za serikali mpya hawakuwapo. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, pamoja na wenzake Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wakatafuta nafasi katika vyuo vya Marekani. Rafiki yao mfanyabiashara, William Scheinman, alisaidia kuanzisha taasisi ya kuchangisha nauli huko New York. Watu mashuhuri wa Marekani, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakatia majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Septemba 1959 vijana 81 waliruka kutoka Nairobi. Wakuu wa kikoloni hawakufurahi, na walikuwa wepesi kusema kwamba shahada za Marekani ni hafifu.

Chini ya nauli hizo za Wamarekani kulikuwa na fedha nyingine ambazo hazitajwi sana. Familia ziliuza mbuzi na ng'ombe, majirani walichangishana, watu wa kijiji kizima walikusanyika kwenye harambee na karamu za chai ili kijana wao apate fedha za kuanzia. Kwa hiyo aliyepanda ndege ile alikuwa na wafadhili wa aina mbili: mtu mashuhuri wa New York ambaye hakumjua, na bibi wa jirani aliyetoa shilingi zake akimjua tangu anatambaa. Taasisi za leo humwuliza kijana atairudishia nini jamii yake, kana kwamba jamii hiyo ilikuwa mtazamaji tu. Imeshatoa, na imetoa kabla ya mfadhili.

Mboya mwenyewe hakuwa mtu wa kuchaguliwa na fomu. Aliondoka shule ya Mang'u kwa sababu baba yake, mfanyakazi wa mashamba ya mkonge, hakuwa na uwezo wa kumwendeleza, akasomea ukaguzi wa afya na kuajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Uongozi ulimfikia kazini, katika chama cha wafanyakazi, na hapo ndipo alipopata nafasi ya kusoma Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Kama angepimwa akiwa na miaka 17, karatasi ingeonyesha mtoto aliyeacha shule.

Ali Mazrui wa Mombasa naye alimaliza sekondari na daraja la tatu. Hakuna chuo kilichomtaka. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, mpaka siku aliyopewa nafasi ya kuhutubia katika sherehe ya Maulidi, gavana wa Kenya akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Hotuba ile ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Alikwenda kumalizia sekondari Huddersfield, akapata shahada Manchester mwaka 1960, akapita Columbia, na mwaka 1966 akatunukiwa udaktari na Oxford. Wapenzi wa kisa hiki hukisimulia kama ushahidi kwamba kipaji hakifichiki. Ukweli ni kwamba kipaji chake kilikuwa kimefichika kabisa, kwenye meza ya karani, na kilionekana kwa sababu mtu mmoja alihudhuria Maulidi. Makarani wangapi walikuwa na akili ile na gavana hakupita kwao?

Dini zinasemaje juu ya kuchagua? Aya ya 60 ya Sura ya Tawba inataja makundi manane yanayostahili zaka, na inaanza na mafukara na maskini. Watumwa wanaokombolewa, wenye madeni na wasafiri walioishiwa wote wamo kwa sababu ya hali iliyowafika. Kundi moja tu, la wanaotiwa nguvu nyoyo zao, linaweza kusemwa linapewa kwa kutazama mbele, kwa manufaa yatakayokuja. Kwa hiyo kutazama mbele hakukukatazwa, lakini kumepewa nafasi moja kati ya nane, na haikuwa ya kwanza.

Injili ya Mathayo inaonekana kuvuta pande mbili. Katika sura ya 25 bwana anawagawia watumwa talanta tano, mbili na moja, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, na wahubiri wa harambee za elimu wanaipenda sura hiyo. Sura tano nyuma yake, mwenye shamba la mizabibu anamlipa aliyeingia kazini jioni sawa na aliyetoka jasho tangu alfajiri, na waliolalamika wanaulizwa kama wanaona kijicho kwa sababu yeye ni mwema. Ni vigumu kuishika sura moja na kuiacha nyingine. Naye Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Córdoba na kufia Misri mwanzoni mwa karne ya 13, alipanga sadaka katika ngazi nane. Ya juu kabisa aliiweka ile inayomsimamisha mtu kwa miguu yake, kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, asihitaji tena kuomba. Kusomesha kunaingia humo moja kwa moja. Cha kuzingatia ni kwamba kipimo cha Maimonides ni yule mtu kusimama. Hakuna sharti kwamba akisimama awaongoze wengine.

Upande wa pili, wa kuchagua, una mtetezi mkubwa, na haifai kumpita haraka. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Julius Nyerere aliwaeleza wasomi wa Tanganyika mfano wa kijiji chenye njaa. Chakula chote kilichobaki anapewa mtu mmoja, apate nguvu ya kwenda mbali kuleta shehena. Akila na asirudi, amekisaliti kijiji. Mfano huu unauma kwa sababu unakubali ukatili wa kuchagua: watoto walibaki na njaa ili mtu mzima ashibe. Na unakubali pia kwamba kijiji lazima kimtazame nani mwenye miguu. Anayedai tuwape wote sawa, hata kama kila mmoja atapata kijiko kimoja, hana jibu kwa Nyerere.

Lakini mfano wa Nyerere una sehemu inayosahaulika. Mtu yule anatumwa kwa kuwa ana nguvu za safari, jambo linaloonekana kwa macho. Hatumwi kwa kuwa kijiji kimebashiri kwamba siku moja atakuwa mkuu. Kusoma udaktari, uhandisi au ualimu kunahitaji uwezo unaopimika, na kamati inapoupima haidhulumu mtu. Ubashiri juu ya tabia na hatima ya kijana wa miaka 18 ni kitu kingine. Isitoshe, deni la msafiri yule ni la wale waliokosa chakula. Nyerere hakumtaja mtu yeyote wa kushukuriwa.

John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, alilisogeza jambo hili mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki. Alisema hakuna anayestahili kipaji alichozaliwa nacho, na hata bidii ya mtu inategemea sana malezi aliyoyakuta. Muumini wa dini yoyote hapaswi kushtuka. Ndivyo anavyosema anapoomba, kwamba vyote ni majaliwa. Ajabu ni jinsi anavyoyasahau siku ya kugawa tuzo, akamwambia mshindi kwamba amestahili, na hapohapo walioshindwa wakasikia kwamba hawakustahili.

Na nia ya mtoaji je? Julai 1960 Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na taasisi ya familia ya Kennedy ikakubali kutoa dola 100,000 kwa safari ya pili. Kambi ya Richard Nixon ikapata habari, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo awali ilikuwa imekataa kusaidia, ikajitokeza ghafla na fedha. Seneta Hugh Scott akamtuhumu Kennedy hadharani kwa kutumia fedha za hisani kwa faida ya kisiasa. Nyuma ya yote kulikuwa na vita baridi na hofu kwamba vijana wa Afrika wangekwenda kusoma Moscow. Hadithi mashuhuri ya Mtume inafundisha kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na kwa kipimo hicho dola zile zina walakini.

Septemba mwaka huo takribani vijana 300 waliondoka. Mmoja wao alikuwa Wangari Maathai, mhitimu wa Loreto Limuru, aliyekwenda kusoma biolojia katika chuo cha masista wa Kibenediktini huko Atchison, Kansas. Nia ya mtoaji ni hesabu yake na Mola wake. Mkate aliokula Wangari haukuwa na uchafu kwa sababu mwokaji alitaka kura. Tofauti hii ni muhimu kwa kijana yeyote anayesomeshwa kwa fedha za tajiri mwenye historia mbaya, hata za Rhodes. Mwaka 2002 Nelson Mandela alikubali jina lake liungane na la Rhodes katika taasisi mpya ya kusomesha Waafrika, na wengi walimshangaa. Aliona fedha zilizotoka Afrika zikirudi Afrika, na hakuona sababu ya kuziacha Oxford.

Kinachoweza kumchafua anayepokea ni masharti yanayofuata. Aya ya 264 ya Sura ya Baqara inaonya kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka, na taasisi za hisani zina namna nyingi za kumsimanga mtu bila kupandisha sauti: picha yake kwenye ripoti ya mwaka, barua za shukrani za kila muhula, kusimamishwa mbele ya wageni kusimulia umaskini wa kwao. Afadhali deni la wazi. Taasisi ya Aga Khan kwa muda mrefu imetoa ufadhili wake wa kimataifa nusu kama msaada na nusu kama mkopo, na anayelipa mkopo wake hubaki na heshima yake. Mtu akishamaliza kulipa, hakuna wa kumkumbusha.

Sharti la kurudi nyumbani lina uzito wa pekee, na wengi huliona la haki. Taasisi ya Kijapani ya Ashinaga, inayosomesha yatima wa Afrika katika vyuo vya ng'ambo, inawataka walioteuliwa wawe na dhamira ya kurudi na kuchangia bara lao. Ni vizuri, mradi ikumbukwe kwamba nyumbani nako kunaweza kufunga mlango. Wangari aliporudi Nairobi mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi ya chuo kikuu, alikuta nafasi yake ameshapewa mtu mwingine. Mahmood Mamdani aliondoka Kampala mwaka 1963 na kundi la vijana wa Uganda waliopata nafasi kupitia safari zilezile. Mwaka 1965 alikamatwa Montgomery, Alabama, katika maandamano ya haki za Wamarekani Weusi, na balozi wa nchi yake akamwuliza kwa nini anaingilia mambo ya nchi ya watu. Alirudi Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin akamfukuza pamoja na Waasia wengine. Akafundisha Dar es Salaam, akarudi tena Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Obote ikamvua uraia. Alitimiza sharti la kurudi zaidi ya mara moja. Serikali mbili hazikulitimiza la kwao.

Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuliona jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija na kuhamia Lamu katika karne ya 19, alianza kuwasomesha watu ambao waungwana wa mji hawakuona kama wanafaa kusoma: watumwa, watoto wa watumwa, wageni na maskini wa mtaa wa Langoni. Wakubwa walinung'unika, kwa kuwa elimu ya dini ilikuwa heshima ya nasaba. Yeye aliendelea, na Msikiti wa Riyadha ukawa chuo ambacho wanafunzi wake walitawanyika mpaka bara, wakafungua madrasa na kusimama kwenye mimbari. Habib Swaleh hakuwasaili wale watu kutafuta kiongozi kati yao. Aliwafundisha, na baadhi yao wakawa viongozi.

Wangari naye, alipoanzisha harakati za Mkanda wa Kijani mwaka 1977, aliwategemea wanawake wa vijijini ambao wengi hawakuwa na cheti cha shule. Walijifunza kuotesha miche kwa mbegu za misitu ya karibu, wakasimamia vitalu, wakahesabu miti iliyoshika na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mmoja. Wakati anapokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Wanawake wale waliongoza vikundi vyao kwa miaka, na hakuna kamati ya ufadhili iliyowahi kuwauliza chochote. Aliyesomeshwa aliwakuta wakiwa tayari na uwezo huo. Kazi yake ilikuwa kuutambua.

Basi taasisi yenye fedha za kusomesha vijana 20 na maombi 2,000 ifanye nini? Kwanza iseme waziwazi inachoweza kupima: uhitaji, na uwezo wa kuimudu kozi. Ikitaka kujua tabia ya mwombaji, iache kumwuliza yeye, ambaye ama atajisifu ama atanyamaza, iwaulize mwalimu wake wa zamu, imamu au mchungaji, na jirani aliyekuwa akimwachia watoto. Ikishawapata, tuseme, 150 ambao wote ni wahitaji na wote wanaweza kusoma, ipige kura. Michael Sandel wa Harvard alipendekeza jambo hilo kwa vyuo vikuu vya Marekani katika kitabu chake cha mwaka 2020: waondolewe wasioweza, waliobaki waachiwe bahati. Wafadhili wengi watasema kura ni kukwepa wajibu. Lakini bahati imekuwamo siku zote, kwa sura ya gavana aliyehudhuria Maulidi na ya shule iliyokuwa na klabu ya mdahalo. Kura ya hadharani, mbele ya wazazi, inamwambia aliyepata kwamba wenzake 130 waliobaki wanaweza kusoma kama yeye, na inawaruhusu hao 130 kurudi nyumbani bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba hawana kitu ndani yao. Barua ya kuwajibu iseme hivyohivyo, na iambatane na orodha ya mikopo ya serikali na vyuo vya ualimu na ufundi ambavyo bado vinapokea maombi.